Pua imeziba na mbizi ni wiki ijayo: majibu ya maswali yenu

Tangu tuongelee hapa habari ya watu wa huku kwetu kwenda Pwani kujifunza skuba, ile mbizi ya kupumua kwa mtungi wa hewa, maswali yamekuja mengi na karibu yote yanazunguka kitu kimoja, homa na mbizi. Mimi ni mfamasia, hizi dawa za kufungua pua nazitoa kila siku kwa dirisha hapa Kisumu, na mbizi pia napiga nikipata nafasi, kwa hivyo haya maswali yananigusa kabisa. Nimechagua machache ambayo yanabeba mengine.

*Daktari, habari yako. Mimi ni dada wa Milimani, Kisumu. Chama chetu tulichanga mwaka mzima twende Watamu, na mimi na wenzangu wawili tumelipia kozi ya skuba, dipoziti imeshaenda. Sasa nimeshikwa na homa, koo imepona lakini pua bado imeziba na hapa juu ya nyusi kuko kuzito, nikiinama kufunga kiatu ni kama kichwa kinataka kupasuka. Rafiki yangu ambaye ashawahi kupiga mbizi anasema nimeze tu tableti ya kufungua pua nusu saa kabla ya kuingia majini na nitakuwa sawa. Ni kweli? Sitaki kupoteza hio pesa.*

Dadangu, pole na hio homa. Usiingie majini ukiwa hivyo, na usiitumie hio tableti kama tiketi ya kuingia. Wacha nikueleze vizuri ndio hata rafiki yako ukimwambia aelewe, juu najua hajakushauri kwa ubaya, hio ni shauri ambayo watu wanapeana sana kwa boti.

Ndani ya mifupa ya uso tuko na vyumba vya hewa, ndio sainasi. Kuna vya paji la uso hapo juu ya nyusi panapokuumiza, vya mashavuni, vidogo vidogo katikati ya macho, na vingine nyuma kabisa. Kila chumba kinapumua kupitia tundu dogo la milimita chache linaloingia kwa pua. Ukiwa mzima hewa inatoka na kuingia hata hujui. Ukiwa na homa ile ngozi laini ya ndani inavimba, makamasi yanajaa, na hilo tundu linaziba. Ukiwa nchi kavu utaskia tu uzito. Shida inaanza presha ikibadilika.

Kama ushawahi kutoka Nairobi kwa matatu ukanunua maji pale Mau Summit, ukanywa nusu ukafunga kifuniko, ukifika Kisumu utaona ile chupa imebonyea yenyewe. Hakuna mtu ameikanyaga, ni hewa ya huku chini ni nzito kuliko ya kule juu na imeibana. Sasa chupa inaweza kubonyea, mfupa wa uso wako hauwezi. Kwa hivyo ukishuka majini na tundu limeziba, hewa ya ndani inasinyaa, mfupa umekaa vile vile, na ile nafasi inayobaki lazima ijazwe na kitu. Inajazwa na ngozi ya ndani ikivutwa na kuvimba, halafu majimaji, halafu damu. Watu wa skuba wanasema sainasi imebanwa. Inaskika kama sindano juu ya jicho, saa zingine kwa meno ya juu mpaka mtu anadhani jino limeoza, juu sainasi ya shavu imekaa hapo hapo juu ya mizizi ya meno.

Na wengi wanakosea hapa, wanadhani kwa vile kozi ya wanaoanza haiendi chini sana basi hawana shida. Ni kinyume. Juu ya maji ya bahari una presha ya angahewa moja, kila mita 10 unaongeza nyingine moja. Ukifika mita 10 hewa iliyofungiwa imebaki nusu ya vile ilikuwa. Ukiendelea mpaka mita 20 inabaki theluthi. Yaani badiliko kubwa kuliko yote liko kwa zile mita 10 za kwanza, pale pale anayeanza anapanda na kushuka, anapanda na kushuka akijifunza. Hata lile dimbwi la kuogelea la mita 3 ambalo mtaanzia linatosha kukuumiza, hewa inapungua karibu robo.

Nilikuwa kwa boti moja Watamu kijana akapanda, akavua maski, na sehemu ya pua kwa hio maski ilikuwa imejaa damu imechanganyika na makamasi, nyekundu ya kung'aa, na yeye mwenyewe alikuwa anacheka anaongelea papa shilingi aliyetamani kumwona, hajui chochote mpaka mwenzake akamwonyesha kidole. Maumivu yalikuwa yameisha ju sainasi ilikuwa imeshajaa damu, presha ikasawazika. Kwa hivyo maumivu kuisha ukiwa chini haimaanishi umepona, saa zingine inamaanisha damu imeshachukua ile nafasi.

Sasa tuje kwa tableti. Dawa ya kufungua pua kama sudoefedrini inafanya mishipa ya damu ya ndani ya pua isinyae, uvimbe unapungua, tundu linafunguka. Inafanya kazi, siwezi kukudanganya. Ile ya kawaida inakaa masaa 4 mpaka 6. Hesabu sasa. Unameza asubuhi kwa hoteli, mnasubiri gari, mnavaa vifaa, boti inachelewa kidogo, instrakta anaeleza, mnaingia, mnatoka, mnapumzika juu ya maji, mbizi ya pili inaanza karibu saa sita. Unashuka dawa ikiwa bado ina nguvu, masikio yanafunguka vizuri, unashukuru Mungu. Halafu dawa inaisha ukiwa chini. Uvimbe unarudi, tundu linaziba, na sasa ndani ya sainasi kuna hewa uliyoipumua chini kwa presha ya huko. Ukianza kupanda hio hewa inataka kutanuka na haina mlango.

Hapo ndipo naogopa zaidi. Wakati wa kushuka ukiskia maumivu una njia, unapanda unaachana nayo. Wakati wa kupanda hauna pa kwenda. Mtungi una hewa yake tu na geji inateremka, huwezi kukaa chini ukingoja homa ipone. Utapanda na maumivu yako, polepole, unashuka kidogo ikizidi, unapanda tena, na unaomba hewa ikutoshe. Mara nyingi inaishia kwa damu na kichwa kuuma siku kadhaa, lakini mifupa ya hapo ni myembamba na mara chache hewa imepasua njia ikaingia karibu na jicho, na mara chache zaidi hata ndani ya fuvu. Kwa masikio ni hivyo hivyo, sikio moja likifunguka na lingine likakataa unapata kizunguzungu, juu na chini havijulikani, na ukiwa chini ya maji kizunguzungu ni hatari kuliko maumivu.

Halafu dawa yenyewe ina mambo yake. Sudoefedrini inachangamsha mwili, moyo unaenda mbio, presha ya damu inapanda, wengine wanatetemeka na kukosa usingizi. Mtu anayepiga mbizi mara ya kwanza moyo wake tayari unaenda mbio, hahitaji msaada. Na ukisikia kwa boti wanaongelea nitroksi, ile hewa iliyoongezwa oksijeni, basi hio dawa iache kabisa, juu oksijeni nyingi chini ya presha inaweza kuleta degedege na madaktari wa mbizi hawataki uongeze juu yake kitu kinachochangamsha ubongo.

Ukienda kemisti pia angalia nyuma ya pakiti. Tableti nyingi za homa huku kwetu ni mchanganyiko, kuna ya maumivu, kuna ya kufungua pua, na mara nyingi kuna klorofeniramini, ile iko kwa Piriton, ambayo inaleta usingizi. Usingizi huo ukikutana na ule ulevi wa naitrojeni, gesi iliyo kwa hewa ya mtungi, unaoanza ukienda chini zaidi, akili inakuwa nzito na hujui kama ni nzito. Na zingine badala ya sudoefedrini zina fenilefrini. Hio ya kumeza kamati ya washauri wa FDA, mamlaka ya dawa ya kule Marekani, Septemba 2023, ilisema kwa kauli moja kwamba haifungui pua. Yaani unaweza kushuka ukiamini umejikinga na hakuna kitu umemeza.

Kuna madaktari wa mbizi wanaoruhusu mtu mwenye afya, asiye na homa wala presha, mwenye pua iliyojaa kidogo tu ya mzio, atumie spre ama tableti aliyoizoea akiwa nchi kavu. Sibishani nao. Lakini wewe unaskia kichwa kupasuka ukiinama, hio sio pua iliyojaa kidogo, hio ni sainasi imeshambuliwa, na hakuna daktari wa mbizi atakuambia uifunike kwa tableti.

Utajuaje uko tayari? Acha dawa zote za pua. Ukikaa siku kadhaa bila dawa na unapumua kwa pua zote mbili usiku, unainama bila uzito, makamasi ni meupe na kidogo, na ukifunga pua kwa vidole ukapuliza kidogo kidogo masikio yote mawili yanafunguka kwa urahisi, hapo twende. Hio ya kufunga pua na kupuliza wanaiita Valsalva, kwa jina la daktari Mwitaliano wa zamani, na usiipulize kwa nguvu hata siku moja, kuna watu wamepasua utando wa sikio la ndani kwa kulazimisha na wamebaki na mlio wa sikio maisha yao. Majini unaanza kufungua kabla hujaskia chochote, kila nusu mita, ukishuka miguu kwanza ukishika kamba. Ikikataa panda mita moja ujaribu tena, ikikataa tena mwonyeshe instrakta ishara ya sikio na mrudi.

Na pesa. Piga simu leo, sio ile asubuhi ya kuingia majini. Vituo vingi vya skuba vinakubali kusogeza siku kwa sababu ya homa juu vyenyewe havitaki mgonjwa majini, na ile fomu ya afya utakayojaza inauliza wazi kuhusu sainasi na masikio, tafadhali iandike ukweli. Ikiwa wenzako wataenda na wewe hujapona, nenda nao, valia maski na mrija uelee juu ya matumbawe. Ile hifadhi ya Watamu iko tangu 1968 na samaki wengi wanaonekana ukiwa juu tu, ukielea na usijaribu kuzama kuwafuata.

Umeuliza pia, kwa mstari wa mwisho ambao nimeufupisha, kama ndege yenyewe ni salama. Ndani ya ndege presha inashuka mpaka kama ya mwinuko wa mita 2,400 hivi, na badiliko lote hilo ni dogo kuliko la kushuka mita 3 baharini. Utaumwa labda ndege ikitua, tafuna kitu, meza mate. Kwa hio safari spre ya pua nusu saa kabla ya kutua naikubali.

*Sasa daktari. Mimi ni kijana wa Dunga, nafanya kazi ya keji za samaki ziwani, naingia chini kuangalia nyavu na kushona pale zimeraruka. Situmii mtungi, nashika pumzi tu. Wiki mbili sasa nikiwa na homa naskia kitu inanidunga juu ya jicho nikishuka, na juzi nimetoka na damu kwa pua. Msimamizi anasema homa sio ugonjwa. Kwa vile sina mtungi hio maneno ya skuba inanihusu?*

Omera, inakuhusu kabisa na nimefurahi umeuliza. Mtungi sio unaobana sainasi, ni maji. Anayeshika pumzi na anayepumua kwa mtungi wakiwa mita 5 chini wanabanwa sawa. Tena sisi wa Kisumu tuko juu, ziwa liko kama mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, hewa yetu huku ni nyepesi, kwa hivyo ukishuka maji yanabadilisha presha kwa kiwango kikubwa kidogo kuliko Mombasa. Kwa bahari hewa inabaki nusu ukifika mita 10, kwa ziwa letu ni kama mita 9. Chini ya keji ya mita 5 zaidi ya theluthi ya ile nafasi ya hewa imeshapotea. Na wewe hushuki mara moja, unashuka asubuhi yote, kila mara unaivuta ile ngozi iliyovimba na kuipasua tena kabla haijapona.

Damu kidogo iliyotoka mara moja ikaisha sio ya kukutisha sana, lakini ni ishara kwamba umeshaumia, na damu iliyokaa ndani ya sainasi yenye makamasi ni chakula kizuri cha bakteria. Simamisha kuzama. Kaa juu, fanya kazi ya mashua, ya kulisha samaki, ya kushona nyavu zilizotolewa. Osha pua na maji ya chumvi, paracetamol kwa maumivu, na kama baada ya siku 10 hujapata nafuu ama ulipata nafuu halafu ikarudi vibaya na homa kali na usaha, nenda ukaonwe. Lakini kuna mambo hayangoji hata siku moja: jicho likivimba ama kutokeza, ukiona vitu viwili viwili, kichwa kuuma vibaya na shingo kukakamaa, kutapika, uso kufa ganzi na usirudi, ama damu isiyokata. Hapo nenda hospitali ya Jaramogi, ile tunaita Russia, siku hio hio, na uwaambie kwamba unazama ziwani kwa kazi, usiseme tu una homa. Hilo neno moja la kuzama linabadilisha vile daktari atakuangalia.

Usijaribu kumeza vidonge vya kufungua pua ili uendelee na kazi. Kwa mtu wa skuba ni siku moja ya likizo, kwako ni kila siku, na utajikuta unahitaji dawa ili ule. Na kuna vijana wameanza kushuka wakipumua kwa mpira uliounganishwa na kompresa. Kama kuna siku utapewa huo mpira, jua shida imekuwa mbili, juu hewa uliyoipumua chini itatanuka ukipanda, kwa sainasi na kwa mapafu pia, na usiwahi kushika pumzi ukipanda na huo mpira. Wanaozama kwa pumzi wamezoea kushika pumzi, na hio mazoea hapo inaua.

Msimamizi wako mwonyeshe hii safu. Mwajiri ana wajibu wa kumlinda mtu anayemtuma chini ya maji, na mtu mwenye sikio lililopasuka akipata kizunguzungu ndani ya nyavu hawezi kujua njia ya juu ni gani. Ingine, maadam uko ziwani kila siku, pima kichocho, dawa yake ipo na ni rahisi.

*Daktari salaam kutoka Kakamega. Mimi ni mwalimu. Natumia spre ya pua kila usiku tangu mwaka jana, mwanzo ilikuwa mara moja sasa ni mara tatu nne kwa siku na nisipoitumia pua zinaziba kabisa silali. Tunapanga harusi Desemba na mchumba wangu anataka tukajifunze skuba Diani. Nikibeba spre yangu nitakuwa sawa?*

Mwalimu, hongera kwa harusi. Hio spre sahii ndio ugonjwa. Spre za oksimetazolini na zailometazolini, Otrivin iko kwa hilo kundi, zinabana mishipa ya damu haraka na watu wanazipenda kwa sababu dakika chache tu mtu anapumua. Lakini zimetengenezwa za siku chache, nasema siku 3 na mwisho 5. Ukizidisha, mishipa inazoea, dawa ikiisha inavimba zaidi ya mwanzo, unapulizia tena, inavimba tena. Homa ya mwaka jana iliisha zamani, kile unachotibu kila usiku ni spre yenyewe. Sikulaumu hata kidogo, tunaouza tunapaswa kukwambia siku ya kwanza na mara nyingi foleni ni ndefu hakuna anayesema.

Ukienda mbizi na pua ya namna hio utakuwa na mlango unaofunga bila taarifa, na vile nimemwambia dada wa Milimani, mlango ukifunga ukiwa chini ndio mbaya. Habari njema ni kwamba kutoka sasa mpaka Desemba muda unao. Nenda kwa daktari akuandikie spre ya steroidi kama flutikasoni ama mometasoni. Hio haifungui papo hapo, inachukua siku kadhaa mpaka wiki mbili kufika nguvu yake yote, na haina huo mtindo wa kukufunga. Wakati unaianza, achana na ile ya zamani. Kuna wanaoiacha kwa pua zote mbili siku moja na kuvumilia, kuna wanaoacha upande mmoja wa pua kwanza, huo mwingine ukiwa unapumua, halafu upande wa pili wiki inayofuata. Mimi naona hio ya pili watu wanaiweza. Usiku wa kwanza mpaka wa tatu ni mbaya, inua kichwa na mito miwili, na usirudie kwa sababu ya usiku mmoja.

Maji ya chumvi yasaidie. Kijiko kidogo cha chumvi isiyo na madini joto kwa vikombe viwili vya maji, na maji yawe yamechemshwa yakapoa. Hapo niskize vizuri, usioshe pua kwa maji ya bomba ama ya kisima hivi hivi hata kama unayanywa na hayakudhuru, kuna kijidudu cha majini ambacho tumbo linakiua lakini kikipitia puani kinaenda kwa ubongo, ni nadra sana na kikishafika ni kifo karibu kila mara. Kuchemsha kunamaliza hio habari.

Na huenda chini ya yote una mzio, vumbi la chaki, vumbi la barabara, ama zile paka za nyumbani. Mwambie daktari akuangalie ndani ya pua pia, kuna watu wana vinyama vinavyoziba njia na hao hakuna spre ya kemisti itawasaidia. Kama Desemba itafika na bado pua inafunga, oeni, nendeni Diani, skuba iwe ya mwaka unaofuata.

*Nauliza kutoka Bungoma. Baba yangu ana presha na anatumia dawa kila siku. Akishikwa na homa ananunua vidonge vya kufungua pua. Hata hatapiga mbizi, nauliza tu kama ni sawa.*

Sio sawa. Sudoefedrini inapandisha presha, mtu wa presha, wa moyo, wa tezi dume inayomsumbua kukojoa, ama wa presha ya macho, asiinunue bila kuuliza. Mzee apewe maji ya chumvi ya pua na paracetamol, mvuke wa kuoga maji moto, na kila akienda kemisti aanze kwa kusema "niko na presha" kabla hajasema anataka nini. Vidonge vilivyobaki nyumbani vichukue uvirudishe dukani, ukiviacha kabatini atavitumia tu homa ikirudi.

*Daktari mimi ni mama wa Nakuru. Mume wangu ni mpiga mbizi, tuko Diani na watoto kwa gari letu wiki ijayo. Yeye anataka apige mbizi mbili Jumapili asubuhi halafu saa saba tushike barabara turudi juu kazi ni Jumatatu. Tena ana mafua. Anasema sheria ya kungoja ni ya ndege tu, gari haina shida.*

Mama, mume wako amesahau Nakuru iko wapi. Nyumbani kwenu ni kama mita 1,850 juu ya bahari, Nairobi ni karibu mita 1,800, na kabla mteremke Bonde la Ufa mtapita Limuru ambako ni zaidi ya mita 2,200. Mwili haujui kama uko kwa ndege ama kwa Probox, unajua presha imepungua. Naitrojeni iliyoingia kwa damu na viungo akiwa chini inahitaji muda kutoka polepole, ukipanda mlima mapema inaweza kutoka kwa mapovu, na hapo ndio unaona mtu anaumwa viungo, ganzi miguuni, uchovu usioeleweka, na mko katikati ya Mtito Andei na Voi usiku na watoto nyuma. Kanuni ya kungoja kabla ya ndege, masaa 12 kwa mbizi moja na angalau 18 kwa mbizi kadhaa, inahesabiwa kwa mwinuko wa kuanzia mita 600 hivi, kwa hivyo barabara yenu iko ndani kabisa. Kwenu ningeenda masaa 24.

Mafua yake yanaongeza shida ingine. Akibanwa sainasi ama sikio Jumapili, ile safari ya kupanda inamuumiza mara ya pili, juu hewa iliyonaswa itaendelea kutanuka mpaka Limuru. Na maumivu ya kichwa ya sainasi yanaweza kuficha dalili za mapovu, mtu anasema "ni haya mafua tu" na kumbe sio. Ganzi, udhaifu wa mguu ama mkono, kizunguzungu, kupumua kwa shida, hayo hayatokani na mafua. Apewe oksijeni na apelekwe hospitali, na hospitali iambiwe alipiga mbizi saa ngapi na mita ngapi.

Mkipenda kila kitu kiende sawa, mbizi zake ziwe Ijumaa na Jumamosi asubuhi, Jumapili mchana mwanze safari. Ijumaa akiamka pua imeziba, aache. Muulize kabla ya chai, afunge pua apulize polepole, na sikio hata moja likikataa, vifaa vyake vibaki kwa begi na aende na watoto kutembea mwambani maji yakiwa yametoka.